Jiwe moja, kauli mbili: maandishi ya Orkhon na jinsi Waturki wa kale walivyojieleza wenyewe

#1 · Mleta uzi

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu kidogo, lakini nimeuweka moyoni muda mrefu na leo nautoa.

Katikati ya Mongolia, kwenye bonde la mto Orkhon, kuna mahali panaitwa Khöshöö Tsaidam. Hapo mwaka 732 lilisimamishwa jiwe lenye kimo cha zaidi ya mita 3, kwa ajili ya kumkumbuka marehemu Kül Tigin, aliyefariki mwaka 731 akiwa na miaka 47. Alikuwa jemadari, na alikuwa mdogo wake Bilge, khagani wa dola ya Waturki. Khagani ni cheo chao cha mtawala mkuu.

Upande wa magharibi wa jiwe umeandikwa Kichina. Pande nyingine zimeandikwa Kiturki cha kale.

Anza na Kichina. Hayo ni maneno ya mfalme Xuanzong wa nasaba ya Tang, akitoa rambirambi. Anasema yeye na khagani wamekuwa baba na mwana, uvamizi umekoma, pinde na mishale imerudishwa kwenye mifuko yake. Wewe hunihofii, mimi sikuhadai, mambo ya namna hiyo. Lugha ya upatanisho kabisa.

Sasa zunguka jiwe usome alichoandikisha mfiwa mwenyewe:

"Maneno ya Tabgach ni matamu, hariri yao ni laini. Kwa maneno matamu na hariri laini huwavuta watu wa mbali wasogee. Wakishasogea na kukaa karibu, ndipo huanza kuwawazia mabaya."

Tabgach ndilo jina walilowaita Wachina.

Jiwe ni lile lile, na msiba ni ule ule. Tena Bilge anasema wazi kwamba mafundi wa kunakshi kaburi la mdogo wake aliletewa na huyo huyo mfalme wa China. Mgeni kaleta rambirambi na mafundi juu, mwenyeji kapokea vyote, halafu akawageukia watoto wake kwa lugha yao ya nyumbani akawaambia: jihadharini na huyu.

Kabla mawe haya hayajasomwa, karibu kila tulichojua juu ya Waturki wa mwanzo kilitoka vinywani mwa majirani zao. Wachina waliandika habari zao, na Warumi wa Bizanti waliandika zao baada ya kutumiana wajumbe nao karne ya 6. Wote waliandika juu ya wapanda farasi wanaovamia. Hapa wanaojieleza ni wenyewe, na wanachokisema sicho ambacho ungetegemea kwa watu wa vita. Kwa sehemu kubwa ni karipio. Khagani anawakaripia watu wake.

Mwanzo wake ni mzuri sana, nautafsiri kwa uwezo wangu: "Mbingu ya buluu juu na ardhi ya kahawia chini zilipoumbwa, kati yake waliumbwa binadamu. Juu ya binadamu wakakaa babu zangu, Bumin Khagani na Istemi Khagani." Bumin ndiye aliyeanzisha dola mwaka 552. Baada ya hapo inakuja hadithi ya kuporomoka. Wadogo hawakufanana na kaka zao, watoto hawakufanana na baba zao, wakakalia kiti makhagani wasio na hekima. Mabwana wakatupa majina yao ya Kiturki wakachukua vyeo vya Tabgach, wakamtumikia mfalme wa China miaka 50. Watoto wa kiume waliostahili kuwa mabwana wakawa watumwa, mabinti waliostahili kuwa mabibi wakawa vijakazi. Historia inakubaliana naye: dola ilikuwa imeshagawanyika mbili, na ile ya mashariki ilianguka mikononi mwa Tang mwaka 630, na uasi uliofaulu ukaanza mwaka 682.

Uasi wenyewe uliongozwa na baba yake Bilge, Ilterish. Jiwe linasema alitoka na watu 17. Habari ikaenea kwamba ametoka, waliokuwa mijini wakapanda milimani na waliokuwa milimani wakashuka, wakafika 70. Kisha wakafika 700. Nikifika kwenye hesabu hiyo, 17, 70, 700, huwa nasikia mtu mzima akiisimulia usiku mbele ya moto.

Na kuna kauli moja ambayo Mswahili hahitaji kuelezwa. Bilge anawaambia watu wake: mkiwa na njaa hamkumbuki shibe, na mkishashiba hamkumbuki njaa. Sisi tunasema aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Yeye anakwenda mbali zaidi: aliyeshiba hamjui hata yeye mwenyewe wa jana.

Karibuni tuchangie. Nitaendelea kadiri maswali yatakavyokuja.

#2 · Mchangiaji, Moshi

Mkuu naweka kambi hapa. Swali langu la kwanza: maandishi yenyewe yalisomwaje, ikiwa watu walioyaandika walishapotea? Au ni kwa sababu ya upande wa Kichina?

#3 · Mleta uzi

Upande wa Kichina ulisaidia, ila si kwa namna unayofikiri. Ule si tafsiri ya Kiturki, kama nilivyoonyesha. Ni ujumbe mwingine kabisa.

Alama za mwandiko huu zilijulikana Ulaya mapema kidogo, kutokana na mawe ya mto Yenisei huko Siberia. Ofisa mmoja wa Uswidi, Strahlenberg, alitekwa na Warusi vita vya Poltava mwaka 1709, akapelekwa Siberia, na mwaka 1730 akachapisha michoro ya mawe hayo. Watu wakaona alama zinafanana na mwandiko wa kale wa Skandinavia, wakaziita jina hilo hilo, runi. Hakuna undugu wowote. Kinachozifananisha ni kwamba ukichonga kwenye kitu kigumu, mistari iliyonyooka ndiyo rahisi.

Mwaka 1889 Mrusi Nikolai Yadrintsev akafika bonde la Orkhon akayakuta mawe makubwa. Wafini wakaenda mwaka 1890, na Radloff na msafara wake wa Warusi mwaka 1891. Nakala zikachapishwa, na mbio za kusoma zikaanza.

Aliyeshinda ni Vilhelm Thomsen, Mdenmaki, mwaka 1893. Alianza kwa kuhesabu. Alama ni 38 hivi. Kwa alfabeti ya kawaida ni nyingi mno, na kwa mwandiko wa silabi ni chache mno. Kwa hiyo lazima konsonanti fulani ziwe na alama zaidi ya moja. Na kweli: Kiturki kina irabu za nyuma na irabu za mbele ambazo hazichanganywi ovyo ndani ya neno, na mwandishi hutumia B moja kwa upande huu na B nyingine kwa upande ule. Irabu zenyewe nane wanaziandikia alama nne tu, na mara nyingi wanaziacha. Wanaandika kutoka kulia kwenda kushoto, na kati ya neno na neno wanaweka nukta mbili kama nukta pacha yetu.

Sasa Kichina. Kilimpa jina la marehemu. Thomsen akatafuta kundi la alama linalojirudia mahali panapofaa jina la mtu, akapata Kül Tigin. Neno jingine lililojirudia sana likasomeka tengri, yaani mbingu, au Mungu wa mbinguni. La tatu likawa türk. Kwa funguo hizo tatu mlango ukafunguka. Desemba 1893 alilitangaza jambo hilo mbele ya wanazuoni wa Denmark.

Baadhi ya alama zina sura ya kitu. Ile ya sauti ok inafanana na mshale, na ok kwa Kiturki ndiyo mshale.

#4 · Mchangiaji, Ankara

Salaam kutoka Uturuki. Mimi ni Mtanzania, nipo hapa kwa masomo mwaka wa tatu. Uzi huu umenigusa kwa sababu Kituruki nilijifunza kwa jasho, na siku moja mwalimu wetu wa lugha alituandikia ubaoni mstari mmoja wa jiwe hilo kwa herufi za Kilatini. Ni pale Bilge anapomlilia mdogo wake: *kişi oglı kop ölgeli törümiş*. Darasa zima la wageni tukaelewa nusu yake bila msaada. Kişi ni mtu, oğlu ni mwana wake, öl- ni kufa. Mwana wa mtu ameumbwa ili afe. Miaka karibu 1,300, na mwanafunzi wa Kiafrika aliyeanza Kituruki juzi anaokota maneno.

Hesabu nazo ni zile zile. Za jiwe: bir, eki, üç, tört, beş, altı, yeti, sekiz, tokuz, on. Ninazonunulia mboga hapa: bir, iki, üç, dört, beş, altı, yedi, sekiz, dokuz, on.

#5 · Mleta uzi

Ahsante sana kaka, hicho ulichokileta ni dhahabu. Ni kama sisi tunavyoweza kulifuata neno "tatu" kutoka pwani mpaka Kongo na kusini kabisa mwa bara, likibadilika kidogo kila linapovuka mto.

Hapo uliponukuu panaanza hivi: "Mdogo wangu Kül Tigin amefariki. Nimehuzunika. Macho yangu yaonayo yakawa kama hayaoni, akili yangu ijuayo ikawa kama haijui." Halafu ndipo anapojituliza kwamba siku hupangwa na mbingu. Mtawala wa dola nzima, na anachongesha kilio chake kwenye jiwe ili kila apitaye akisome.

Nifafanue na matumizi yangu ya maneno, isije ikaleta utata. Naandika Waturki nikiwa na maana ya ukoo mzima wa lugha hizo, na Waturuki kwa watu wa Uturuki wa leo. Mawe haya yako maelfu ya kilomita kutoka Ankara, na wakati yanachongwa Anatolia ilikuwa bado ya Bizanti.

#6 · Mchangiaji, Mombasa

Mkuu hapo ndipo ninapokwama. Watu mitandaoni wanayatumia mawe haya kusema Waturki walikuwa taifa moja tangu mwanzo, damu moja, bendera moja. Mawe yenyewe yanasemaje?

#7 · Mleta uzi

Swali hili ndilo lililonifanya nifungue uzi, basi nipe nafasi.

Jina türk kwenye mawe ni jina la watu wa dola moja, wale waliokuwa chini ya ukoo wa Ashina, ukoo wa makhagani. Wengine waliosema lugha hiyo hiyo au iliyo karibu nayo wanatajwa kwa majina yao: Oghuz, Kirgizi, Karluki, Basmili, Bayirku, Turgeshi. Hawa wa mwisho walitoka upande wa magharibi, kwenye shirikisho la makabila lililoitwa On Ok, yaani Mishale Kumi. Na sehemu kubwa ya vita vinavyosimuliwa pale si vita na China. Ni vita vya Waturki kwa Waturki.

Sikiliza anavyosema Bilge juu ya Tokuz Oghuz, Oghuz Tisa: "Walikuwa watu wangu mwenyewe. Mbingu na ardhi vilipovurugika, wakawa maadui." Anaongeza kwamba ndani ya mwaka mmoja walipigana nao mara tano. Mara tano, na watu wa nyumbani! Juu ya khagani wa Turgeshi anasema maneno yanayokaribia hayo: alikuwa Mturki wetu, wa watu wetu, lakini kwa kutojua kwake akatukosea, akafa.

Kwa Wakirgizi ni chungu zaidi. Kiongozi wao Bars Beg walimpa cheo cha khagani, wakamwoza na binti wa nyumba yao, dada mdogo wa Bilge. Akaasi, akauawa, na watu wake wakawa watumwa. Yaani waliyemuua ni shemeji yao. Jiwe halisemi huyo dada alipatwa na nini.

Tonyukuk naye anatueleza jinsi miungano hiyo ilivyofungwa na kufunguliwa. Huyu alikuwa mshauri mzee wa makhagani, na ana mawe yake mawili mashariki ya Ulaanbaatar, karibu na Nalaikh. Aliyeyagundua ni Yelizaveta Klements mwaka 1897. Tonyukuk anaanza kwa kukiri kwamba yeye mwenyewe alikulia chini ya Tabgach, enzi ambazo Waturki walikuwa raia wa Tabgach. Basi anasimulia jinsi jasusi alivyoleta habari kwamba Oghuz wametuma wajumbe kwa Wachina na kwa Wakitani ili wawabane Waturki pande tatu. Anasema usiku hakupata usingizi, mchana hakupata utulivu. Kisha akaenda kwa khagani wake na methali: kitu chembamba ni rahisi kukikunja, kikinenepa hakikunjiki tena. Yaani tuwapige kabla hawajaungana. Sisi tuna samaki mkunje angali mbichi na tunaisemea malezi, mzee huyu ya kwake aliisemea vita.

Kwa hiyo, kaka wa Mombasa, mawe hayaonyeshi damu moja. Yanaonyesha dola inayoshonwa kila siku kwa ndoa, vyeo, mgawo wa ngawira na mkuki, na kila siku uzi unakatika mahali. Bilge anajisifu kwa jambo moja zaidi ya yote: aliwakuta watu uchi akawavika, maskini akawatajirisha, wachache akawafanya wengi. Hilo ndilo lililowaweka watu pamoja, na alijua kwamba siku akishindwa watahama. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 734, na jiwe lake likasimamishwa mwaka 735. Miaka kumi tu baadaye dola yake ilikuwa imekwisha, imeangushwa na Wauyghuri, Wabasmili na Wakarluki. Wote hao walisema Kiturki. Na Wauyghuri walipokalia kiti wakachonga mawe yao, kwa mwandiko ule ule.

#8 · Mchangiaji, Dodoma

Naomba kuongeza jambo kabla wengine hawajafikiri kwamba Kiturki kiliandikwa tangu siku ya kwanza ya dola. Kuna jiwe la Bugut, nalo liko Mongolia, lilipatikana mwaka 1956. Ni la karne ya 6, enzi ya dola ya kwanza. Limeandikwa Kisogdia, lugha ya wafanyabiashara wa Samarkand na jirani zake, ambayo ni ya jamii ya Kiajemi. Upande mwingine una mwandiko wa Brahmi, wa asili ya India. Hakuna neno la Kiturki kama lugha ya kuandikia.

#9 · Mleta uzi

Sahihi kabisa, na ahsante kwa kuliweka sawa. Huo upande wa Brahmi wataalamu wamekuja kuusoma miaka ya karibuni tu, na lugha yake ikaonekana ni ya jamii ya Kimongolia, inayohusishwa na Warouran, yaani mabwana wa zamani ambao Waturki waliwapindua. Kwa hiyo dola ya kwanza ilitawala kwa Kiturki mdomoni, na kwenye jiwe ikaandika kwa lugha za wengine.

Ukilijua hilo, uamuzi wa kuandika kwa Kiturki karne ya 8 unaonekana kwa uzito wake. Aliyeandika maneno ya Kül Tigin ni ndugu yao, Yollug Tigin, na amejitaja jina. Anasema alikaa siku 20 akiandika kwenye jiwe na kwenye kuta. Bilge angeweza kuagiza Kichina pande zote na angepata sifa kwa wageni. Alitaka asomwe na wale aliowakaripia.

#10 · Mchangiaji, Kigoma

Samahani kaka, wanawake je? Mpaka sasa nimesikia mashujaa na makhagani, na binti mmoja aliyeozwa.

#11 · Mleta uzi

Dada umeuliza la maana. Wapo, ingawa si wengi. Ilterish alipofariki Kül Tigin alikuwa na miaka 7 na Bilge 8. Jiwe linasema ni kwa baraka za mama yao khatuni (cheo cha mke wa khagani), aliye kama Umay, Kül Tigin alipata jina la kiume alipofika miaka 10. Umay ni mungu wao wa kike, mlinzi wa watoto na uzazi. Na pale wanaposimulia jinsi mbingu ilivyomwinua Ilterish, mama anatajwa pamoja na baba, wote wawili wameshikwa utosini na kupandishwa juu.

Lakini mahali panaponigusa ni vita vya mwisho na Oghuz. Jeshi liko mbali, adui kavamia kambi. Kül Tigin kapanda farasi mweupe aitwaye Ögsiz, ambalo maana yake ni yatima, akawachoma mkuki watu tisa na kambi haikutekwa. Bilge hapo haongei na jeshi. Anawataja waliokuwa ndani ya mahema mmoja mmoja kwa uhusiano: mama yangu khatuni, mama zangu wadogo, shangazi zangu, dada zangu, wake wa ndugu zangu. Ambao mngebaki hai mngekuwa vijakazi, ambao mngekufa mngebaki mmelala njiani na kwenye mahame ya kambi. Kül Tigin asingekuwepo mngekufa nyote.

Farasi nao wanatajwa kwa heshima. Vita na jemadari wa Kichina, Kül Tigin ana miaka 21: farasi wa kwanza wa kijivu, wa Tadik Chor, akafa pale. Wa pili wa kijivu, wa Ishbara Yamtar, akafa pale. Wa tatu wa kahawia, wa Yegin Silig Beg, akafa pale. Mishale zaidi ya mia ilipiga deraya na joho lake, usoni haukumfikia hata mmoja. Na ile safari ya kwa Wakirgizi, theluji ina kina cha mkuki, wakapasua njia, wakavuka milima ya Kögmen na kuwakuta usingizini. Katika shambulio hilo dume jeupe alilolipata kwa Wabayirku likavunjika paja. Watu waliochonga jiwe la dola wakaona paja la farasi lina haki ya kuandikwa.

#12 · Mchangiaji, Moshi

Mkuu, hayo ni ya wakubwa. Yale mawe ya Yenisei uliyoyagusia ni ya nani?

#13 · Mleta uzi

Ni ya watu wadogo kidogo, mabwana wa huko Khakasia na Tuva, wengi wao upande wa Wakirgizi. Ni mengi, yanapita mia, na karibu yote ni mafupi. Hayana tarehe wala hadithi ya dola. Ni marehemu anazungumza mwenyewe, anataja jina lake, halafu anahesabu alivyoviacha: mke wangu wa chumbani, wanangu, farasi wangu, watu wangu, jua na mwezi wa mbinguni. Baada ya kila kimoja anarudia neno moja kati ya mawili. La kwanza ni *adırıldım*, nimetengana nao. La pili ni *bökmedim*, na hili limewatesa watafsiri wa lugha nyingi kwa sababu wanalazimika kuzunguka: sikufaidi vya kutosha, sikutosheka. Kiswahili kinalo tayari, kama tunavyosema msibani juu ya mtu aliyeondoka mapema.

Mke wangu, wanangu, sikuwashiba.